Ujumbe wa Mkono wa Kushoto

Watoto wa darasa la kwanza walimpa mwalimu wao jina Bi Tafadhali, likamganda hata sokoni. Ukimwuliza, kazi yake si herufi. Ni kumfundisha mtoto kuandika ujumbe mfupi wenye adabu: salamu, haja, shukrani. Ukikosa kimojawapo, karatasi inarudi kwako na wino mwekundu. Ukitimiza yote, ujumbe lazima umfikie aliyeandikiwa. Ndiyo maana siku moja ilimbidi ampelekee mwalimu mkuu, uso mkavu kabisa, karatasi ya mtoto mmoja iliyosema: "Shikamoo mwalimu mkuu. Tafadhali leo usije darasani kwetu. Asante." Mkuu aliisoma mara mbili, na siku hiyo hakwenda.

Nyumbani hapakuwa na kicheko. Mumewe ni fundi cherehani, mtu wa soga hadi wateja husahau nguo walizofuata. Kisha kiharusi kiliufanya ulimi wake mzito na kuulaza mkono wa kulia. Daktari alisema ajizoeze kuandika kwa kushoto, la sivyo atabaki na maneno yake moyoni. Fundi akagoma, akageukia ukuta. Bi Tafadhali alibembeleza, akatania, "Baba watoto, hata vitoto vyangu vya darasa la kwanza vinaweza!" Wapi.

Asubuhi moja akamkuta mezani, jasho linamtiririka, penseli kaikaba kama anaitia adabu. Herufi zilikuwa zimelewa chakari, lakini zilisomeka: "Nataka kwenda dukani kwangu."

Mazoea yana taabu. Kabla hajafikiri, Bi Tafadhali alikwisha kuchomoa kalamu nyekundu. "Salamu iko wapi, bwana? Na tafadhali?" Akazungushia duara, huku anacheka. Alipoinua macho, mwenzake hakuwa anacheka. Fundi aliisukuma karatasi, akarudi kitandani, na penseli hakuigusa tena siku hiyo wala iliyofuata.

Roho ilimuuma mama wa watu. Alimpenda mume huyu, na ukimya wake ulimtisha kuliko ugonjwa wenyewe. Shuleni akamfungukia mwalimu wa darasa la pili. "Shoga, nimeharibu. Mtu kapanda mlima, mimi namwambia viatu vyake vina vumbi."

"Si umwombe radhi?"

"Nimemwomba mpaka mate yamenikauka."

"Kwa mdomo. Mwenzio mdomo hana. Hapo unamwonea."

Jioni aliketi jikoni na karatasi. Akaanza kuandika, akasita, kisha akahamishia kalamu mkono wa kushoto. Loo! Kalamu ilimkimbia, mistari ikapanda na kushuka, shingo ikamkaza. Alipomaliza maneno machache tu alikuwa hoi, na ndipo alipoelewa mumewe alikuwa amefanya kazi gani asubuhi ile. Akamwekea karatasi kifuani: "Mume wangu. Nimekukosea. Nisamehe."

Fundi aliisoma polepole. Mabega yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka, maana mwandiko wa mwalimu ulikuwa mbaya kuliko wake! Akanyoosha mkono, akaomba penseli kwa ishara.

Ilichukua muda mrefu. Bi Tafadhali, amesimama kando ya kitanda, vidole vilimwasha vimsaidie mumewe, akavificha mgongoni. Hatimaye fundi alimgeuzia karatasi. Palikuwa na neno moja tu: "Kaa."

Hakuna salamu, hakuna tafadhali, hakuna asante. Bi Tafadhali akakaa.