Mpunga wa Mtu wa Dar

Baba yangu ni mkulima wa mpunga ambaye watu wa Lipangalala humtolea mfano, na anajua kwamba humtolea mfano. Kwa hiyo niliporudi kutoka chuoni na kumwomba kipande cha shamba kwa ajili ya utafiti wangu wa shahada ya uzamili, alifurahi kuliko nilivyotegemea. Akanipa kipande bora kuliko vyote, kilichopakana na barabara, chenye mfereji wa maji hata wakati wa kiangazi. Alitaka watu waone.

Nilimweleza utafiti wenyewe kwa maneno ya chuo, naye akaitikia "sawa, sawa" kama anavyomwitikia padri. Nilikuwa nasomea fiziolojia ya mimea, yaani namna mmea unavyoishi ndani kwa ndani: unavyokunywa, unavyopumua, unavyohangaika. Swali langu lilikuwa moja. Mpunga ukinyimwa maji unapokaribia kutoa maua, unajiokoaje? Na swali hilo huwezi kulijibu bila kuunyima maji.

Niligawa kipande kile kwa matuta kuwa majaruba, mengine ya kumwagiliwa, mengine ya kukaushwa, nikapiga kura kuamua lipi liwe lipi, maana ndivyo inavyotakiwa ili mtafiti asijipendelee. Kura ikaamua kwamba karibu majaruba yote ya barabarani yawe makavu. Baba alipoona maji hayafiki upande ule alidhani mfereji umeziba, akaenda kuchukua jembe.

"Acha, baba. Nimeziba mwenyewe."

"Mpunga huu una mimba," alisema. "Unamnyima maji mwenye mimba?"

"Ndio utafiti wenyewe."

"Basi yakauke ya kule nyuma. Haya ya barabarani yape maji."

"Haiwezekani. Kura imeshapigwa."

"Kura gani? Mimi mwenye shamba sikupiga."

Mimi hasira zangu ziko karibu. Nilipandisha sauti, nikamwambia kwamba nikihamisha hata jaruba moja tasnifu yangu haina maana na masomo yote yamekwenda na maji. Baba aliniangalia, akaangalia barabara, kisha akaweka jembe chini.

Haikuchukua muda majani yakaanza kujikunja saa za jua kali, halafu yakabadilika rangi. Nilifurahi mno. Nilizunguka humo na kichupa cha rangi ya kucha, ile inayong'aa tu isiyo nyekundu wala nini, nikipaka jani moja baada ya jingine. Ikikauka unaibandua kwa selotepu, na kwenye hadubini unaona alama za vitundu ambavyo jani linapumulia, kama limevifunga au limeviacha wazi. Chuoni ni jambo la kawaida kabisa. Ukiwa barabarani unaona binti wa mzee fulani anaupaka kucha mpunga unaokufa.

Pole zikaanza. Watu walishuka kwenye baiskeli kabisa. "Pole na shamba, mzee." "Pole sana, ndiyo dunia." Mama mmoja wa jumuiya yetu ya kanisani aliushika mkono wa baba muda mrefu bila kusema kitu, kama tunavyofanya msibani. Wengine walimpa pole mbili, moja ya mpunga na moja ya mimi. Baba akaanza kwenda shambani kwa njia ya nyuma, ile ya vichakani, yeye ambaye zamani alikuwa akisimama barabarani makusudi ili asalimiwe.

Kisha jumuiya ikaja kusali kwetu, na mama yule akatoa nia kwamba shamba la mzee wetu lipate mvua. Nilikuwa nimeinamisha kichwa, namwomba Mungu asimsikilize. Mvua moja tu ingeharibu majaruba yangu yote makavu. Mdomo lakini ulisema "Twakuomba utusikie" pamoja na wenzangu, kwa sababu mama yangu alikuwa ananitazama. Jioni mawingu yakajikusanya juu ya milima ya Udzungwa, nikakimbilia shambani na turubai. Yakatawanyika. Baba alinikuta nimekaa na turubai langu mapajani, nacheka peke yangu.

Ni baada ya hapo ndipo alipoanza kudanganya. Niligundua dukani Mlabani, muuzaji aliponiuliza kama yule mtu wa Dar aliyekodi shamba la baba ameshaambiwa kwamba mpunga wake umekufa. Nikarudi nyumbani moto. Baba alikuwa anakula, akaendelea kula.

"Mtu wa Dar haoni aibu ya shamba," alisema. "Hata wakimcheka hasikii."

Nilicheka, halafu ikaniuma. Angesema mpunga ni wangu, ningechekwa mimi na shule yangu. Kusema ni wake, hakuweza. Basi akamtafuta mtu wa kubeba aibu hiyo, na kwa kuwa hakuwa na wa kumwonea, alimtunga.

Sasa, tuna jirani mfugaji, Msukuma, mtu mstaarabu sana. Kila baada ya mavuno huleta ng'ombe wake wale mabaki ya mpunga, na hawaingizi bila kumwomba mwenye shamba. Safari hii mwenye shamba alikuwa Dar na hakuna aliyekuwa na namba yake. Aliuliza huku na huku, wote wakamwambia mpunga umekufa na mwenyewe ameutelekeza. Akaona ya nini chakula cha mifugo kipotee bure.

Tulikuwa tunatoka kanisani, mimi na baba tumetangulia kidogo. Niliona pembe kwanza, halafu ng'ombe wenyewe, wanavuka mfereji, na wa mbele ameshafika kwenye kona ya jaruba la kwanza. Nilipiga ukelele tu. Nyuma yetu walikuwa wanakuja wote, mama wa jumuiya, muuza duka, kila aliyesimuliwa habari za mtu wa Dar. Baba alikuwa na nafasi ya kunyamaza. Ng'ombe wangekula, mpunga ungekwisha, na aibu yake ingekwisha siku hiyohiyo.

Alikimbia. Sikuwahi kumwona baba akikimbia. Alipita katikati ya mfereji na viatu vyake vya kanisani, anapunga koti juu.

"Toa ng'ombe! Toa! Mpunga wangu huo!"

Mfugaji akapiga mluzi, ng'ombe wakasimama. "Shikamoo, mzee," alisema, ameduwaa. "Si nimeambiwa ni wa mtu wa Dar?"

"Hakuna mtu wa Dar!" Baba aligeukia barabarani ili wasikie wote. "Nilidanganya! Mpunga ni wangu, huyu ni mwanangu, na sisi wenyewe ndio tunaoukausha. Kwa makusudi!"

Nadhani wote pale barabarani walitafuta pole ya jambo kama hilo wakaikosa.

Mfugaji aliomba radhi, akawaondoa ng'ombe wake. Kona moja ilikuwa imeliwa, na kwenye tasnifu ilikuja kunigharimu aya nzima ya maelezo. Nilimfuata baba katikati ya majaruba makavu. Alikuwa anahema, suruali imelowa tope mpaka magotini. Nilitaka kumshukuru, nikaanza kulia. Alichuma jani lililojikunja, akalikunjua kwa kidole, likajikunja tena.

"Bado sana?"

"Bado kidogo, baba. Mpaka utoe maua."

Alitazama barabarani, ambako watu walikuwa bado wamesimama, wanamtazama yeye na mpunga wake.

"Basi ukaushe vizuri, mama," alisema. "Nimeshawaambia ni wangu."