Usingizi wa Al-Baghdadiyah
Goti la kulia la mama lilipasuliwa Riyadh, na daktari aliyemzungumzisha kwa upole kama mamake mzazi. Zamu ya goti la kushoto ilipofika, daktari huyo alikuwa ameshahamia hospitali nyingine, Jeddah. Mama akasema goti lake halitaguswa na mkono mwengine. Kaka zangu walibishana naye kwenye simu mpaka wakachoka, nami nikafunga mizigo, kwa kuwa mimi ndiye ninayeishi naye.

Zamani tungefikia kwa jamaa. Ziko familia zilizotoka Unguja pamoja na babu zikabakia Jeddah, lakini wazee wameshakwenda mbele ya haki na watoto wao wametawanyika. Kwa hiyo nikatafuta hoteli ya bei nafuu jirani na hospitali, nikaipata mtaa wa Al-Baghdadiyah, nyuma ya maduka ya vitambaa. Ilikuwa hoteli iliyozeeka bila ya mtu kuishughulikia. Zulia la ukumbini lilikuwa limekwisha katikati, limebaki rangi pembeni tu. Lifti ilikuwa ikijifikiria kabla ya kupanda. Chumbani kwangu kiyoyozi kilidondosha maji ndani ya ndoo ya rangi, na kitanda kilikuwa na bonde lililochimbwa na migongo ya wageni wote walionitangulia.

Mama alilazwa wodi ya wanawake, ambako jamaa wa mgonjwa hawaruhusiwi kulala. Jioni ya kwanza nilimfunika shuka, nikamwekea tasbihi karibu na mkono, akaniambia niende nikapumzike. Nikatembea hadi hotelini na moyo mzito, kama inavyotakiwa.

Uzito ule haukufika asubuhi.

Tangu baba afariki nilikuwa nalala chumba kimoja na mama, nyumbani kwetu mtaa wa Al-Suwaidi, Riyadh. Najua kila kikohozi chake. Najua akigeuka kwa sababu ya maumivu na akigeuka kwa sababu ya ndoto. Masikio yangu hayalali hata mimi nikilala. Siku ile niliamka jua limeshaingia dirishani, nimelala kitandani kwa mshazari, mikono huku na miguu kule, na kwa muda sikujua niko wapi. Nilijua tu kwamba hakuna aliyeniita. Nikabaki nimelala vile vile, nikisikiliza maji yakidondoka kwenye ndoo, na nikajiona nina furaha.

Furaha hiyo ilinitisha. Mamangu yuko hospitali anasubiri kupasuliwa goti, nami natabasamu peke yangu kwenye kitanda cha bonde. Hata hivyo sikuiacha. Niliisogeza meza karibu na dirisha, nikanunua ful, yale maharage ya kupondwa, na mkate wa tamizi, nikala polepole huku nikiwatazama wenye maduka wakifungua milango. Nilipita sokoni nikajinunulia kikombe kizuri cha udongo, chenye ua la buluu, kama mtu anayehamia.

Mapokezi alikuwapo Mkenya mmoja wa makamo, aliyefurahi kusikia Kiswahili hata sijamaliza salamu. Alikuja kama dereva, kafili wake, yaani mwajiri aliyemdhamini, akamhamishia hotelini. Kila nilipopita aliniuliza hali ya mgonjwa na kunipa pole, akasema kanisa lake la kule kwao lingemkumbuka mama katika maombi. Mimi niliitikia kwa sauti ya uchovu. Uchovu wenyewe sikuwa nao. Nilipokea pole zake kama mtu anayepokea zawadi ya jirani.

Siku ya upasuaji waliniambia mama ataingia baada ya sala ya alasiri. Asubuhi nilikaa naye, nikamsuka nywele mikia miwili midogo. Adhuhuri alinihimiza niende nikale, kwa sababu yeye amezuiwa kula na hataki kunitazama nikifunga bila ya sababu. Nikaenda hotelini. Nikala, nikasali, nikajinyoosha kidogo tu. Simu nilikuwa nimeizima sauti wodini na nikasahau kuirudisha.

Nilipozinduka, skrini ilikuwa imejaa namba ya hospitali.

Sikuisubiri lifti. Nilifika wodini na kandambili za chooni miguuni, nikakikuta kitanda cha mama kimetandikwa upya, shuka limekazwa. Mgonjwa mwingine alichelewa, wakamwingiza mama kabla ya saa yake. Mama wa Kisudani wa kitanda cha jirani aliniita, akafungua kiganja. Ndani yake mlikuwa na hereni za mama na bangili yake nyembamba, ambayo sikuwahi kumwona ameivua. Akanieleza kwa Kiarabu kwamba mama aliwaomba wasubiri kidogo, binti yake yuko njiani. Wakasubiri. Alishika chuma cha kitanda na kuutazama mlango. Halafu mwenyewe akawaambia yalla, twendeni, akamkabidhi yule mama dhahabu yake.

Nilikaa kwenye kiti na hereni mkononi mpaka zikapata joto langu. Nilijisemea maneno ambayo nisingemwambia adui.

Mama alirudishwa salama, uso umemvimba kwa dawa. Nilikuwa nimejiandaa kulaumiwa. Alipofumbua macho alinitazama, akalowesha midomo kwa ulimi, akauliza, "Umekula?"

Hakusema lolote jengine kuhusu siku ile, wala mimi sikusema, kwa siku zote alizokaa hospitali. Kila jioni nilirudi chumbani kwangu, na kitanda kile kile hakikunipa tena usingizi.

Waliporuhusu atoke, daktari alitaka apumzike kidogo Jeddah kabla ya kupanda ndege. Nikamleta hotelini, na siku hiyo lifti ikawa imekataa kabisa. Yule Mkenya alitafuta kiti kigumu, akamwita mgeni mmoja kumsaidia, wakambeba mama ngazi kwa ngazi. Mama alijifunika uso kwa mtandio, akasema hata siku ya harusi yake hakubebwa hivi.

Nilimlaza kitandani. Akakitazama chumba taratibu: meza dirishani, kitabu kilichofunuliwa, kikombe chenye ua. Uso ukanichoma. Nikaanza kusema kwamba siku ile ya upasuaji nililala, sikukwama popote, nililala tu. Akanikata.

"Nilijua umelala," alisema. "Niliogopa, sitakudanganya. Niliutazama ule mlango mpaka macho yakauma. Lakini nilikuwa naona namna ulivyokuja kila asubuhi. Umenawiri. Mwaka mzima sijakuona na uso ule."

Nikamwomba radhi. Akasema ameshanipa, ila nisije nikajitesa mbele yake, kwani yeye ndiye atakayeishi na mtu anayejitesa. Kisha akasema tukirudi Riyadh nihamie chumba cha kaka yangu mkubwa, ambacho kimejaa masanduku tu. Nilikataa pale pale. Akafumba macho akasema, "Utafikiri."

Nilifikiri miezi mingi. Masanduku aliyatoa yeye mwenyewe mwishowe, moja moja, akiyasukuma kwa mkongojo wakati niko kazini, mpaka nikaona haya nikammalizia. Sasa nina mlango wangu, ingawa siufungi.

Mama anatembea vizuri. Alfajiri namsikia ng'ambo ya ukuta anavyoinuka, anavyosimama kwanza kulizoesha goti, kisha anavyokwenda jikoni kujipikia chai. Mwili wangu wote unataka kuruka. Ameniambia nisitoke, na sitoki. Nalala chali nikimsikiliza mpaka amekaa salama, na usingizi ambao ameninunulia kwa miguu yake mwenyewe hauji.