Bakuli la Kwanza la Uyoga

Enzi zetu mtoto hakusainiwa fomu ili aende kutafuta uyoga. Mvua ya kwanza ikishanyesha, alfajiri Bibi Nyamizi, mama yake baba, alitugongea mlango kwa mpini wa jembe, mimi na kaka yangu Masanja: "Amkeni, wenye macho wameshatangulia!" Tukaingia pori la Urambo peku, umande ukitulowesha hadi mapajani, udongo ukinukia hadi ukatamani kuulamba. Masanja aliulamba kweli.

Siku hizi? Wiki iliyopita shule ya binti yangu Zawadi, hapa ughaibuni, Erdington, iliwapeleka watoto msituni kujifunza kutambua uyoga. Nilisaini karatasi tatu, moja ikiuliza kama mwanangu ana mzio wa majani. Wakahitaji mzazi wa kusindikiza, nikajitolea mbiombio. Nikasema leo ndiyo leo, watajua mimi ni mjukuu wa nani.

Maana sisi tulifundwa. Usiunyooshee uyoga kidole, utaoza. Usipige kelele ukiuona, uliobaki utajificha. Na kile Bibi alichokisema kila mwaka: "Kisichoguswa na mdudu, nawe usikiguse." Masanja, ambaye kunyamaza kulimshinda tangu kuzaliwa, akiona uyoga kwenye kichuguu aliziba mdomo kwa mikono miwili, macho yamemtoka, anarukaruka kama aliyekanyaga siafu. Tulikuwa tunamfuata yeye kuliko kutafuta uyoga wenyewe.

Jambo moja tu lilituudhi: Bibi alikuwa mlafi. Uyoga tumeokota sisi, umepikwa kwa karanga mpaka majirani wanapita kutusalimia mara ya pili, halafu yeye anapakua bakuli la kwanza, anakaa kizingitini na ugali wake, anakula peke yake na vidole analamba. Sisi mlenda. "Uyoga wa siku ya kwanza si wa watoto," alisema. "Wenu kesho." Na kesho yake asubuhi akishaamka, akajinyoosha mlangoni, ndipo anatupashia moto uliobaki. Masanja alimpachika jina la siri, Bi Bakuli. Mimi niliapa kwamba nikikua, bakuli la kwanza litakuwa langu.

Basi, huko msituni watoto wote wamevalishwa vizibao vya njano vinavyong'aa, kila mmoja na kioo cha kukuzia. Amri ya mwalimu: tazama, piga picha, usichume. Kelele usiseme, na kila uyoga unanyooshewa vidole na darasa zima. Bibi angezimia. Nikajitenga kidogo, na chini ya mti mkubwa nikauona: kofia laini, shina limevaa kola. Ule ule wa Urambo! Nikauchuma, nikamwita Zawadi.

"Huu sasa ndio uyoga, mama. Ona, mdudu ameshauonja, maana yake hauna sumu. Jioni nakupikia kwa karanga."

Zawadi anaelewa Kiswahili chote ila hujibu kwa Kiingereza, na siku hiyo alijibu kwa sauti ya kusikika hadi Edgbaston, upande wa pili wa jiji: "Mum, put it down! That one kills people!"

Msitu mzima ukanigeukia. Mwalimu wao, kijana mpole, akaja kunieleza taratibu, kama mtoto wa chekechea, kwamba konokono huula uyoga huo na kwenda zake. Binadamu akiula hulala mzima, na kesho yake ndipo ini huanza kufa. Nikanawishwa mikono mara mbili mbele ya darasa. Mtoto mmoja akanipiga picha. Na sufuria ya jioni nilishaipanga kichwani, na sahani ya mwanangu juu yake.

Wakati wa kurudi Zawadi alinishika mkono kwa nguvu, kana kwamba mimi ndiye wa kuchungwa. "So how did you lot know?" akauliza, yaani sisi wa Urambo tuliutambuaje wenye sumu.

"Kwa mdudu."

"Slugs don't count, Mum."

"Haya, na Bibi yangu alikuwa anakula kwanza, peke yake. Sisi tunasubiri mpaka kesho yake aki..."

Nikakwama hapohapo, kwenye "akiamka".

Miaka yote hii nimesimulia ulafi wa Bibi kwenye harusi na kwenye vikao. Hata kwenye arobaini yake niliwachekesha watu kwa habari za Bi Bakuli. Nisamehe, Bibi. Watoto wa siku hizi wana fomu, vizibao na simu inayotaja jina la uyoga kwa Kilatini. Sisi tulikuwa na Bibi Nyamizi na tumbo lake.

Jioni nilinunua uyoga wa boksi, wa dukani, usioweza kumdhuru hata nzi. Nikaupika kwa karanga. Zawadi akavuta sahani, nikamzuia, nikapakua bakuli la kwanza, nikala peke yangu huku machozi yakinitoka.

"Mum! That's so greedy!"

"Wako kesho," nikamwambia.