Kibuyu cha Mafuta cha Papa Rukara

Siku yangu ya kwanza kazini, pale maternité, nyumba ya kuzalia ya Masisi, Sista mukubwa wa uzazi hakunisalimia. Aliangalia mikono yangu tu. "Kata hizo kucha," akasema, "kisha urudi tuonane." Vita ya pili ya wazungu ilikuwa imekwisha tu, na mimi nilikuwa binti wa wafugaji wa Karuba, katika kanzu nyeupe ya kuazima. Nikakata kucha. Nyinyi vijana munacheka wakubwa wa zamani, mucheke tu. Yule Sista njo alinifundisha kazi, na ninamushukuru mpaka leo.

Chanjo ya wakati ule haikuwa ya kudunga. Ilikuwa ya ndui, ugonjwa wa vipele uliokuwa unaua watu ao kuwaachia nyuso za mashimo. Tulitia tone la dawa juu ya mukono, tukakwaruza ngozi na ncha ya chuma, tukaacha ikauke yenyewe. Kisha panatoka lengelenge, halafu kovu. Kovu likikosa, chanjo haikushika, unaanza upya.

Ndui ilipoingia vilima vya kwetu, Dokta wa teritware, wilaya yetu, alinituma Karuba kuchanja watu. Aliagiza hata wenye mimba wachanjwe, kwa sababu ndui iliwaua wao zaidi. Niliporudi baada ya juma moja kuwaangalia, wake za wakulima walikuwa na malengelenge, lakini mikono ya wake za wafugaji ilikuwa laini kabisa.

"Dawa ni ya chupa ileile," Dokta akasema. "Wewe ni mutoto wa huku. Tafuta."

Sikutafuta sana. Nilinusa mukono wa Mama Nyota, muke wa mufugaji mumoja, nikajua. Kwetu, kidonda chochote, hata mukwaruzo wa mwiba, unakipaka mafuta ya ng'ombe mbio mbio. Walikuwa wamepaka kabla tone halijakauka.

Huyo Mama Nyota alikuwa na mimba kubwa, na mama mukwe wake alikuwa amelala na ndui katika nyumba ya pili, uwanja uleule. Mume wa Mama Nyota, Papa Rukara, alisimama mulangoni.

"Dada, mulimukwaruza mara moja, imetosha. Homa ya dawa yenu itatoa mimba."

Homa ilikuwa ya kweli, sikumudanganya. Nikamuuliza, "Papa, ng'ombe akizaa, yale maziwa ya kwanza, mazito, nani anakunywa?"

"Ndama. Unaniuliza nini, na wewe umezaliwa humu?"

"Na akikosa kuyakunywa?"

"Anakufa."

"Basi na mutu iko vile. Mama anamupatia mutoto kinga, ingine katika maziwa, ingine katika damu, angali tumboni. Sasa atamupatia nini, kama yeye mwenyewe hana?"

Akasema, "Nimekwisha kuzika watoto wawili."

"Najua, Papa."

Akaingia ndani, akatoka na kibuyu cha mafuta, akakiweka miguuni pangu. "Kaa nacho mpaka kovu litoke."

Nikamuchanja Mama Nyota tena, na kovu lilitoka. Mama mukwe alikufa, maskini. Lakini mutoto, binti, alizaliwa muzima pale maternité, na ndui haikumugusa. Siwezi kuapa kwamba ni chanjo peke yake. Nilimubeba, nikalia kwa furaha, na Sista akajifanya hajaniona. Nilipomurudishia kibuyu, Papa Rukara alikataa kukipokea.

Baadaye walinihamisha Walikale, katika pori na joto. Tulitembea asubuhi mapema, dawa imefungwa katika majani mabichi ya ndizi ili isiharibike. Kule hakuna ng'ombe, kuna mafuta ya mawese. Kabla ya kugusa mukono wa mutu, niliuliza kwanza: "Mama, kwenu kidonda munapaka nini?" Hiyo tabia haikuniacha mpaka pensheni.

Sasa niko Karuba, magoti yamechoka, moyo umeshiba. Leo wenye mimba wanadungwa chanjo ya pepopunda, ili mutoto azaliwe na kinga, asikakamae na kufa. Juzi yule binti wa Mama Nyota alipita kwangu akitoka kudungwa, tumbo mbele, mukono unamuuma. Nikaleta kibuyu kilekile, nimukande kidogo. Nikamweleza kwamba dawa ya siku hizi inaingia ndani, mafuta hayaiharibu.

Akavuta mukono wake.

"Hapana, bibi. Papa alinikataza mafuta juu ya chanjo, kabla ya kufa."

Nikafunga kibuyu.