Nilikishika Kidole Chake Nikakiweka Kwenye Jina la Baba

Mimi ni mwizi. Naanzia hapo hapo, maana nikianza kuzunguka nitajihurumia. Sikuiba kuku wala wavu wa mtu. Niliiba ushujaa wa marehemu nikampa baba yangu, na baba mwenyewe hakuniomba.

Na mimi mama wa kanisa, jamani! Kina mama wenzangu hapa Mbaha walinichagua niwaongoze.

Baba yangu alikwenda vita vya Kagera akiwa kijana. Huko akapigwa risasi ya paja, akaanguka mahali pa wazi. Mwenzake mmoja, Mmatengo wa Litumbandyosi, akarudi kumchukua wakati wengine wote wamelala chini. Akambeba mgongoni, risasi zinapita. Huyo ndiye aliyepewa nishani ya ushujaa. Baba alipewa ile ya kawaida, ya kila aliyekwenda.

Tulisimuliwa hivyo mpaka tukawa tunamalizia wenyewe. Na kila mara baba alifunga na neno moja: "Bila yule, ninyi msingekuwepo." Kweli, mimi nimezaliwa vita vimekwisha.

Alirudi anachechemea, akawa mvuvi wa usipa, dagaa wa ziwa letu. Vijana wa ufukweni wakamtania, "Askari wa usipa! Leo umeteka ndoo ngapi?" Baba alicheka. Mimi sikucheka. Hata siku ya kumzika nikasikia mtu anasema, "Askari wa usipa kapumzika." Ee Mungu, lile neno lilinikaa kooni kama mwiba!

Basi akaja ofisa mmoja kijana, amehamishiwa huku kutoka mkoa mwingine. Alikuwa anatafuta majina ya waliotunukiwa kwa ushujaa, wa huku ziwani na wa kule milimani, yachongwe kwenye jiwe karibu na ofisi ya kata.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Karibu."

"Mama, sitafuti kila aliyekwenda vitani. Waliopewa nishani ya ushujaa tu. Nimesikia kuna mtu alimbeba mwenzake kwenye risasi, na mzee wako alikuwepo."

Mama yangu mzazi alikuwa pale pale anamenya mihogo. Kisu kikasimama. Mimi nikaingia ndani nikatoka na nishani ya baba. Yule kijana angejuaje tofauti?

"Ndiyo hii. Aliyembeba mwenzake ni baba."

"Na aliyebebwa?"

"Mtu wa Litumbandyosi. Alishafariki."

Hiyo ya kufariki ilikuwa kweli, na uongo wangu ukapata mguu wa kusimamia. Kijana akaridhika. Litumbandyosi hakupanda tena. Aende kutafuta nini, na mama wa kanisa ameshasema?

Alipoondoka mama akaniuliza, "Umefanya nini wewe?"

"Nimemfutia baba lile jina la usipa."

Akaendelea kumenya.

Siku ya kulifungua jiwe ngoma ya mganda ilichezwa, watu wakajaa. Nimevaa kitenge kipya, napeana mikono kama bibi harusi! Ndipo akanifuata bibi mmoja mwembamba, viatu mkononi, vumbi mpaka magotini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye binti yake? Ndiyo, pua ni yake. Mimi ni mke wa yule aliyembeba baba yako."

Sikuwahi kujua kama yuko hai!

"Nishani yetu iliungua na nyumba," akasema. "Sina cha kuwaonyesha wajukuu. Nikasikia wamemwandika kwenye jiwe, nikasema nitafika hata kwa kutambaa. Ila kusoma sijui, mwanangu. Nionyeshe jina lake."

Jamani, kusoma! Mimi nimejifunza kusoma ukubwani, madarasa ya jioni, natoka shamba na matope miguuni, nakaa kwenye madawati ya watoto. Nilitaka niisome Injili kwa macho yangu mwenyewe. Na Mungu akaniletea mtu mmoja tu wa kumsomea.

Watu wananitazama. Nikakishika kidole chake, kigumu kama mzizi. Nikakiweka kwenye jina la baba yangu.

"Liko hapa, mama."

Akalifuata lile jina pole pole mpaka mwisho. Kisha akakibusu kidole.

"Kumbe jina lake ni refu hivi," akasema.

Ole wangu!

Akaniuliza nilisomea wapi. Nikamwambia. "Kumbe hata mtu mzima anaweza?" Nikacheka, nikamjibu, "Anaweza sana, mama!" Akaniachia kikapu cha maharage ya asante. Tuliyapika. Mama yangu hakuonja hata punje.

Msimu wa mavuno uliofuata yule bibi alirudi. Alinipitia nyumbani anacheka kama msichana. "Twende kwenye jiwe. Leo nitasoma mwenyewe! Uliniambia inawezekana, nikaingia darasani." Nilitafuta sababu ya kumzuia, sikuipata. Njia nzima anasimulia, mimi nasali lile jiwe lipasuke.

Akaweka kidole. Akasoma silabi moja moja, kwa sauti, kama tulivyofundishwa. Akarudia. Akarudia tena. Kicheko kikaisha usoni, nikakiona kinavyoisha.

"Mwanangu," akasema taratibu, "hili ni jina la yule aliyebebwa."

Nikapiga magoti. Nikasema nisamehe mama, nisamehe. Hakunitukana, afadhali angenitukana! Alikitazama tu kile kidole chake, akasema, "Wewe mwenyewe ulikishika." Akaondoka.

Siku hiyo hiyo nilikwenda kwa ofisa nikasema yote. Alikasirika. "Mama, watoto wa shule wanaletwa pale kujifunza! Nimewafundisha uongo wako." Nikasimama kanisani pia nikasema, nikaachia uongozi. Jina la baba likafutwa kwa patasi, la yule aliyembeba likachongwa. Lakini kabla fundi hajamaliza, habari ikatufikia kwamba yule mama amefariki. Alijifunza kusoma uzeeni ili asome jina moja, na hakulisoma!

Nilipanda Litumbandyosi msibani. Wanawe walinipa kiti, wakanipa chakula.

Na baba yangu, ambaye hakuwahi kudanganya kwenye hadithi ile hata mara moja, sasa ufukweni wanamwita "mwizi wa nishani". Mimi ndiye niliyempa jina hilo. Usipa ulikuwa heshima, jamani!

Ninyi mnaosoma, wakija watu kuwauliza nani alifanya nini, semeni kama mlivyosimuliwa. Msimwongezee marehemu wenu hata kidogo kwa sababu mnampenda. Unachomwongezea kimetoka kwa marehemu wa mwenzako, na huko nako kuna mjane anakuja kwa miguu kukitafuta.

Baba alibebwa. Haikuwa aibu. Huo mgongo uliombeba ndio ulionileta na mimi duniani, na nikamwibia mwenye nao jina lake.