Jani Lililokomaa

Kufikia miaka ya tisini nilikuwa nimeuza mitumba Roret, nikapaka rangi vibao vya maduka Sigor, na kuchunga ng'ombe wa watu karibu na Longisa mpaka ng'ombe wenyewe wakanichoka. Hakuna kazi niliyowahi kuimaliza. Mama, mkulima wa chai, alikuwa ameacha kuniuliza nafanya nini. Aliuliza tu, akiniita mwanawe kwa lugha yetu, "Weri, siku hizi unalala wapi?"

Kisha meneja wa kiwanda kikongwe cha chai, kilichojengwa na Wazungu, akachoka na watoto wa shule waliokuja kutembezwa wakitaka kushika kila mashine. Alikuwa na ghala tupu, akaniita nichore picha ukutani za kuwaonyesha safari ya chai. Mimi, niliyeacha shule darasa la sita, nikamwambia picha hazitoshi. Mgeni mwenyewe awe jani la chai! Akaguliwe mlangoni, feni impulize kama jani linalonyaushwa, abingirike ndani ya pipa, apite kichumba chenye joto, halafu ateleze kwenye ubao hadi juu ya magunia. Meneja alicheka mpaka akakubali.

Siku ya kufungua nilimwalika Mama. Nilitaka aone, hata mara moja tu, kitu nilichokianza nikakimaliza. Akaja na wanawake wenzake wa kanisani, wakulima kama yeye, wote na vitambaa vyeupe kichwani.

Mlangoni nilikuwa nimemweka karani halisi wa kituo cha kununulia majani, nikidhani itapendeza. Sikujua kwamba karani wa majani hawezi kucheza. Watoto aliwapitisha kama chai changa inayotakiwa: "Majani mawili na chipukizi, ingia." Mama alipofika, akamtazama kama anavyotazama kikapu.

"Hili limekomaa. Rudisha."

Nilicheka. Peke yangu. Wanawake wale walikuwa wamerudishiwa majani na mtu huyu huyu miaka nenda miaka rudi. Mama akageuka, nami nikajua anaenda nyumbani.

Hakwenda. Alifanya wanachofanya wote kituoni majani yakikataliwa: akatandika leso kwenye nyasi, akaketi kuchambua upya. Wenzake wakaketi naye.

"Tutachagua hapa hapa," akasema. "Karani, simama kando. Wewe ni kijiti."

Wanawake wakapiga vigelegele.

"Meneja naye ana maji mengi. Akauke kwanza."

Meneja, jasho likimtiririka ndani ya suti, akaenda kusimama na karani.

"Na mimi, Mama?" nikauliza, mjinga mimi.

"Wewe ulichumwa mapema mno. Kaa na hao."

Wakaingia, sisi watatu tukabaki nje kama takataka. Nilisikia feni, nikasikia pipa, nikasikia mtu akimwita Yesu, kisha kishindo juu ya magunia. Mama akatoka kitambaa kikiwa shingoni, anacheka mpaka anashika ukuta.

"Imeisha?"

"Imeisha, Mama."

"Na chai iko wapi?"

Nilimtazama meneja. Meneja akanitazama. Muda wote ule nikipanga safari ya chai, sikuwa nimekumbuka hata kikombe kimoja. Nikakimbia hadi kantini ya wafanyakazi, nikarudi na birika.

Mama akanywa polepole, macho kwenye ule ubao wa kuteleza.

"Wiki ijayo hii itakuwa hapa?"

"Itakuwa."

"Na wewe, weri?"

Nikamwongezea chai.