Dereva Aliyeogopa Safari ya Treni

Mdogo wangu Weng Ching-tuan aliendesha basi la kutoka Chiayi, mji wetu, kwenda jiji kuu la Taipei tangu ana nywele mpaka akabaki na kofia. Mimi ni dada yake mkubwa. Niliishia darasa la sita ili yeye aendelee na shule, kwa hiyo hata leo nikimwita anakuja, na nikimwambia keti anaketi. Sisemi kwa majivuno, ingawa sioni kwa nini nisijivune.

Kama kuna kitu alichokipenda kuliko sifa zote za udereva wake, ni kibofu chake. Madereva wenzake walikuwa wakisimama katikati ya barabara kuu kwenda haja. Yeye aliondoka Chiayi akaingia Taipei bila kunyanyua makalio kitini, shavu limejaa tambuu, na akifika alishuka taratibu kama mtu ambaye hana shida yoyote duniani. Abiria akimwomba asimame kidogo, alimtazama kwenye kioo na kumwambia, "Mama, hili ni basi, si choo cha soko. Kaza."

Kulikuwa na bibi mmoja wa mji wa Dalin aliyeomba mara mbili, akakataliwa mara mbili. Walipofika alikuwa wa mwisho kushuka, amejifunga koti kiunoni, na kwa adabu za watu wa zamani akainama kumshukuru dereva. Kiti alichokalia kilikuwa kimelowa. Ching-tuan alituhadithia kisa hicho kwenye chakula cha mkesha wa mwaka mpya, akiiga jinsi bibi alivyotembea. Meza nzima ilicheka, isipokuwa mkewe, Pi-hsia, ambaye aliinuka akaenda kuongeza supu ambayo haikuwa imepungua.

Huyo Pi-hsia, wifi yangu, aliuza maziwa ya soya na maandazi marefu kwenye mdomo wa kichochoro chetu. Aliamka wakati wengine wanageukia ubavu wa pili. Alipokwenda Taipei kumwona binti yao Li-wen, alipanda basi la mumewe, akakaa kiti cha nyuma yake, na njia nzima hakusema neno kwa sababu kibao kilikataza kuzungumza na dereva. Alikuwa akiwaambia wateja wake, "Mimi nimeolewa na kisogo."

Alipofunga kibanda, wote wawili sasa wamestaafu, alitangaza kwamba watakwenda Ulaya kwa treni, miji mitano, wao wawili tu, bila kundi la watalii na bila yule msichana wa kubeba kibendera. Hawakuwahi kwenda mbali zaidi ya Taipei. Ching-tuan alisema treni ni adui. Alikuwa na haki kidogo, maana treni ya mwendo kasi ndiyo iliyowanyang'anya madereva wa mabasi abiria wao, na tangu ianze hakuwahi kuipanda. Pi-hsia alimjibu kwamba hataki sana kuona Ulaya kama anavyotaka kukaa naye viti jirani, yeye hana usukani na mkewe hana kikaango.

Alipanga safari ile juu ya meza ya kulia. Vikombe vitano vya chai vilikuwa miji: Vienna, Venisi, Milano, Zurich na Paris. Vijiti vya kulia alivilaza katikati vikawa reli. Kila jioni Li-wen alipiga simu kumweleza treni gani inapita wapi na tiketi ipi inawafaa, na Pi-hsia alisogeza vikombe. Kwanza Roma ilikuwamo, akaitoa kwa sababu hoteli aliyoiona ilikuwa na ngazi tupu. Hoteli zote zilitakiwa ziwe karibu na stesheni, mzee asiburute masanduku kwenye mawe. Milima wangeipita mchana ili waione. Ching-tuan naye alikuja kutoka kuoga, akachukua kikombe cha karibu, akajimiminia chai.

"Umekunywa Milano," Pi-hsia alimwambia.

"Imepoa," akajibu, akairudisha mahali pasipo pake.

Nilidhani ni utani wao wa kawaida. Lakini niliona kwamba kila siku alikuwa na kisingizio kipya. Mara baridi, mara wezi, mara chakula chao ni jibini tupu. Mkewe alikuwa na dawa ya kila kisingizio: majirani walishawaazima makoti, Li-wen alishanunua mkoba wa kufunga tumboni chini ya nguo, na sufuria ndogo ya wali ilishaingia sandukuni pamoja na maboga yaliyokaushwa na pakiti za tambi. Wanawake wa kichochoroni wanaofanya mazoezi pamoja kila asubuhi walileta mafuta ya kuchua na matunda ya chumvi ya kuzuia kichefuchefu. Kichochoro kizima kilikuwa kinasafiri.

Ilibaki ruhusa ya Bibi Mazu, mungu wetu mlinzi wa bahari. Kwetu hakuna anayevuka bahari bila kumwarifu. Mtu hupiga magoti hekaluni mbele ya sanamu yake, hutaja jina lake, umri wake na mahali anapokaa, huuliza swali lake, kisha hudondosha sakafuni vibao viwili vyekundu vilivyochongwa kama mwezi mchanga. Kila kibao kina upande bapa na upande wa mgongo. Kimoja kikilala bapa juu na kingine mgongo juu, Bibi amekubali. Migongo yote miwili ikiwa juu, amekataa. Bapa zote mbili zikiwa juu, anacheka, na unatakiwa ujieleze vizuri zaidi. Kwa jambo zito, kama safari, akubali mara tatu mfululizo. Basi, hapo hakuna zaidi, unashukuru unakwenda zako.

Ching-tuan alisema atakwenda kuuliza peke yake. Hilo lilinishtua, maana kwa kawaida hekaluni hupelekwa kwa kuvutwa. Mimi nafagia hekalu letu na kupangusa vyetezo, na mchana ule nilikuwa nyuma ya nguzo na kitambaa changu. Hakuniona. Alipiga magoti, akanong'ona, akadondosha. Bibi alikubali. Mara ya pili akakubali. Mara ya tatu akakubali, vibao vikalala vizuri kabisa kama vilivyowekwa kwa mkono.

Mtu yeyote angeinuka. Mdogo wangu alibaki pale magotini, shingo imeingia mabegani, kisha akaviokota akadondosha tena. Na tena. Bibi akakubali, akacheka, akakubali. Aliendelea kudondosha kama mtu anayejaribu ufunguo kwenye mlango usio wake, mpaka migongo yote miwili ikatokea juu. Hapo ndipo alipoinama, akavirudisha vibao mezani na kutoka kwa haraka.

Nilisimama na kitambaa changu mkononi nikiona aibu hata ya kumtazama Bibi usoni. Aliyemlea mtu yule ni mimi.

Jioni alimwambia mkewe kwamba Bibi Mazu amekataa. Pi-hsia hakubishana. Aliviosha vile vikombe vitano akavirudisha kabatini, akarudisha makoti nyumba kwa nyumba, na kila mlango ilimbidi aeleze. Unajua watu walivyo. Mmoja alisema afadhali ametahadharishwa. Mwingine akasema Bibi hakatai bure, lazima ameona msiba. Yule anayesimama mstari wa mbele kwenye mazoezi, mdomo wake haujawahi kupumzika, aliuliza kama Pi-hsia ana jambo alilowahi kumkosea Bibi. Kuanzia siku hiyo wifi yangu aliacha nyama. Alileta matunda hekaluni asubuhi na jioni, akapiga magoti mpaka nikamhurumia magoti yake. Siku moja alinishika mkono penye mlango.

"Wifi, wewe unakaa naye kila siku," alisema, akimwonyesha Bibi kwa kidevu. "Nimemfanya nini?"

Nilivua aproni nikaenda moja kwa moja kwa Ching-tuan. Nilimkuta uani nyuma ya nyumba, anasuuza pikipiki ambayo ilikuwa safi.

Nilimwambia nilichokiona kutoka nyuma ya nguzo. Kwanza alijitetea kwamba mwisho wa yote Bibi alikataa kweli, hakusema uongo. Nikamuuliza kama yuko tayari kumwuliza Bibi tena sasa hivi, mimi nikiwa karibu, na safari hii atadondosha mara ngapi. Akafunga maji. Alikaa juu ya ndoo aliyoifunika, akaniangalia kama alivyokuwa akiniangalia akiwa mdogo, akirudi na sare imechanika.

"Dada, mimi sishiki mkojo," alisema.

Tangu alipofanyiwa upasuaji wa tezi dume, mwaka wa jana, hali ilikuwa hiyo. Akicheka, kidogo. Akikohoa, kidogo. Akisikia bomba linafunguliwa, ndiyo hivyo. Alikuwa anavaa nepi, anazinunua duka la mbali ambako hajulikani, na anazitupa kwenye pipa la kituo cha mabasi. Suruali zote zilikuwa nyeusi sasa, nami nilikuwa nimedhani ni mambo ya uzee na heshima. Alisema amejiona ameketi kwenye treni ya wageni, kiti kimelowa, wazungu wanaziba pua, na Pi-hsia anainama kuwaomba radhi kwa lugha asiyoijua.

"Kila nikilala namwona yule bibi wa Dalin," akasema. "Anainama."

Sikumliwaza. Nilimwambia kwamba mkewe anakonda kwa kuomba msamaha wa kosa ambalo si lake, kwa hiyo ainuke. Aliniomba nikaseme mimi. Nilimwambia mimi nilimfulia nepi za kwanza, hizi za pili azizungumzie mwenyewe.

Pi-hsia alikuwa jikoni anakata tofu. Mume wake alizunguka sana. Alianzia kwa daktari, akapitia hospitali, akasimulia kuhusu mgonjwa wa kitanda cha pili, akafika kwenye suruali nyeusi akakwama. Mimi nilikaa kwenye kigoda karibu na mlango ili asije akatoka.

"Baba Li-wen," Pi-hsia alisema bila kugeuka, "nguo zako hufuliwa na nani?"

Ching-tuan aliiangalia suruali yake.

"Najua tangu wiki uliyotoka hospitali. Unafikiri kwa nini nilichagua treni? Lile basi la watalii husimama dereva akitaka. Treni, kila behewa lina choo. Nilimuuliza Li-wen treni moja moja. Nikachukua viti vya karibu na mlango. Sikukwambia kwa sababu nilijua utaona haya."

Nilimwona mdogo wangu akilegea mwili mzima. Alicheka kidogo, cheko la mtu aliyenusurika, akanyoosha mkono kuchukua kipande cha tofu. Pi-hsia aliusogeza ubao.

"Sasa hilo la Bibi Mazu kukataa," alisema.

Hapo Ching-tuan alieleza yote, kudondosha kote kule mpaka likapatikana jibu alilolitaka. Pi-hsia aliweka kisu chini. Sikuwahi kumwona amekasirika hivyo, na hakupandisha sauti. Alisema kuhusu mkojo hana neno, hata ungejaa nyumba angeukausha. Lakini alikuwa amelala usiku baada ya usiku akiamini kwamba Bibi amemtupa, na kila mtu kichochoroni akaamini hivyo hivyo, wakati mumewe yuko pembeni anakoroma.

"Ulimsingizia Bibi, na mimi ukanifanya nifunge," alisema. "Kesho utakwenda kumwambia. Kwa mdomo, si kwa moyo. Na watu wakiwepo."

Ching-tuan aliniangalia mimi nimwokoe. Niliangalia tofu.

Kesho yake ilikuwa siku ya kupanga maua, wanawake wote wa mazoezi wako hekaluni na mikasi. Ching-tuan aliingia kwa mlango wa kulia kama inavyotakiwa, amevaa shati la kazi la zamani lililopigwa pasi. Alipiga magoti. Akataja jina, umri, kichochoro na namba ya nyumba, kwa sauti ile aliyotangazia vituo. Akasema kwamba Bibi alimruhusu asafiri na yeye akakataa kwa niaba ya Bibi. Akasema alifanya hivyo kwa sababu kibofu chake hakifungi na aliona aibu, na mkewe hakumkosea Bibi kwa lolote. Mikasi ilinyamaza yote. Yule wa mstari wa mbele alikuwa na ua mdomoni kama ameliuma kwa makusudi.

Alidondosha vibao kuomba radhi. Bapa zote mbili zikawa juu. Bibi anacheka. Mtu mmoja akashindwa kujizuia, na kicheko kikapita kwenye maua yote. Shingo ya mdogo wangu ilikuwa nyekundu kama nguzo za hekalu. Akadondosha tena, Bibi akacheka tena. Mara ya tatu akakubali, na Ching-tuan akanyoosha mkono upesi aviokote.

Pi-hsia alimtangulia. Alivichukua vibao, akavipangusa kwa mkono wa nguo yake na kuvirudisha mezani.

"Imetosha," alisema. "Wewe hujui kuacha. Ruhusa ya safari alishaitoa zamani."

Alimwinua kwa kumshika kwapani, maana miguu ilikuwa imekufa ganzi, akamwongoza kwenye mlango wa kushoto wa kutokea. Pale kizingitini Ching-tuan alimuuliza kwa sauti ya chini sana kama huko kwenye treni angependa akae wapi.

"Dirishani," Pi-hsia alisema, wala hakushusha sauti. "Wewe utakaa upande wa njia. Choo kiko nyuma yako."

Ching-tuan aligeuka kuangalia nani amesikia. Tulikuwa tumesikia sote, na sote tukainamia maua.